Kitambaa cha Bluu Kwenye Mkono wa Kushoto

Kitambaa kilikuwa cha bluu, kimechanwa kutoka kwenye shuka kuukuu, upana wake vidole viwili hivi. Kila jioni kabla sijafungua daftari mama alikuwa ananiita, ananisimamisha mbele yake, anaupeleka mkono wangu wa kushoto mgongoni na kuufunga kwenye mkanda wa gauni. Hakufunga kwa nguvu. Akishamaliza fundo alikuwa anapitisha kidole kati ya kitambaa na ngozi yangu kuhakikisha hakinibani. Kisha ananipa penseli kwenye mkono wa kulia na kuniambia, "Haya mwanangu, andika taratibu, hakuna anayekukimbiza."

Nilikuwa na miaka sita. Kile kidole nakikumbuka kuliko kitambaa chenyewe. Kwa miaka mingi nilishindwa kumlaumu mtu aliyekuwa ananifunga huku akiangalia nisiumie, na nilishindwa vilevile kusahau kwamba nilifungwa.

Shuleni hakukuwa na kitambaa, kulikuwa na rula. Mwalimu wetu alikuwa anapita katikati ya madawati, na akiona penseli imehamia upande usiotakiwa, rula inatua kwenye vifundo vya vidole, tena kwa ule ubavu wake mwembamba. Katika mambo mengine alikuwa mtu mpole. Alijua majina yetu sote, alitufuta machozi tukianguka uwanjani. Ila mkono wa kushoto ulimtoa kabisa kwenye upole wake, na sisi watoto tulielewa haraka: kama hata huyu anakasirika, basi kosa ni kubwa. Wenzangu wakanibandika jina, Mashoto. Ni neno halali, lipo kwenye kamusi, maana yake mtu anayetumia mkono wa kushoto. Lakini lilivyokuwa linatamkwa wakati wa mapumziko, kwa kuvutwa ile silabi ya mwisho, hakuna kamusi inayoweza kulieleza.

Somo nililoliogopa kuliko yote lilikuwa la kazi za mikono. Tulipewa karatasi za rangi tukate maumbo, na mkasi wangu haukukata. Wenzangu wanakata duara, mimi karatasi inaingia katikati ya makali, inajikunja, inatoka na meno kama imetafunwa na panya. Sikujua, na naamini mwalimu naye hakujua, kwamba mkasi unaouzwa kila mahali umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kulia, kidole gumba kinasukuma kwenda nje na vidole vingine vinavuta ndani, na ile nguvu ndogo ambayo hata huifikirii inayabana makali mawili yasuguane. Ukiushika kwa kushoto, nguvu ileile inayaachanisha. Juu ya hapo, ubapa wa juu unakuziba mstari unaotakiwa kuufuata, kwa hiyo unakata kwa kubahatisha. Mimi niliambiwa mkono wangu mzito. Niliandikiwa hivyo kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka, mama akaisoma kwa sauti, nami nikaamini.

Nilikuwa na miaka 32 nilipoushika kwa mara ya kwanza mkasi uliotengenezwa kwa ajili ya kushoto. Nilikata ukingo wa bahasha. Ukaenda wima, safi, bila kujikunja. Nikachukua gazeti, nikakata, nikakata tena, sakafu ikajaa vipande. Halafu nikakaa chini kati ya vile vipande na kutoa machozi, mtu mzima na kazi yangu, kwa sababu mkono wangu haukuwa mzito hata siku moja.

Lugha ilikuwa imeshanihukumu kabla mwalimu hajanyanyua rula. Mkono wa kulia umepata jina kwa kula. Jina lake jingine ni mkono wa kuume, yaani wa kiume, na mwenzake ukaitwa wa kuke. Kutoka Kiarabu tukachukua yamini, neno lenye maana ya mkono wa kulia na pia kiapo, ndiyo maana mtu anakula yamini. Kwa hiyo upande mmoja umepewa chakula, uanaume na ukweli, na upande wa pili umebakiziwa masalio. Wala si Waswahili peke yetu. Kwa Kilatini kushoto ni sinister, neno lililokuja kubeba nuksi na ubaya. Kifaransa wana gauche, ambalo ni kushoto na pia ni mtu asiyejua kujiweka mbele za wenzake. Hawa wote hawakukaa kikao kimoja. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni hesabu tu: wenye kutumia kushoto ni wachache kila mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni 2 kutoka tafiti za huko nyuma, uliwapata kuwa asilimia 10.6. Kwenye darasa la watoto 40, wanne hivi. Kwenye darasa letu nilikuwa peke yangu, na siku hizi najiuliza wale watatu walikuwa wamefungwa na nani.

Uchache peke yake haumuumizi mtu. Kinachonitisha ni jinsi wasomi walivyouhangaikia kuutafutia ubaya. Mwaka 1903 Cesare Lombroso, daktari wa Italia aliyekuwa na jina kubwa katika elimu ya wahalifu, alichapisha makala Marekani akiuhusisha mkono wa kushoto na uhalifu na wendawazimu. Mtu mwenye elimu ya tabibu, na heshima zake zote, aliandika kwa utulivu jambo ambalo wenzangu walikuwa wanalipiga kelele uwanjani.

Halafu kuna barua ya mwaka 1991, na hii naomba niieleze kwa kirefu kwa sababu imenifundisha mengi kuhusu hukumu za kila aina. Wanasaikolojia wawili, Stanley Coren na Diane Halpern, waliandika kwenye jarida kubwa la utabibu, New England Journal of Medicine. Walichukua majina ya watu waliokufa kusini mwa California, wakawauliza jamaa zao: marehemu alikuwa anatumia mkono gani? Wakapiga wastani. Waliotumia kulia walikufa wakiwa na miaka 75, waliotumia kushoto 66. Tofauti ya miaka tisa. Magazeti yakaidaka: wenye kutumia kushoto wanakufa mapema! Kuna watu mpaka leo wanaijua habari hiyo kama ukweli. Mimi mwenyewe nimeambiwa kwenye harusi, na mtu aliyedhani ananiburudisha.

Tazama kilichotokea. Mzee aliyekufa mwaka 1990 akiwa na miaka 85 alizaliwa 1905, enzi ambazo mtoto wa kushoto alikuwa lazima ahamishwe, kwa kitambaa au kwa fimbo. Alipokufa, wanawe walimjua kama mtu wa kulia, na hivyo ndivyo walivyojibu. Aliyekufa na miaka 40 alizaliwa wakati rula zimeanza kulegea, akaachwa na mkono wake, akahesabiwa kushoto. Kwa hiyo wazee karibu wote waliandikwa kulia, na kushoto kukabaki na vijana. Ukipiga wastani wa umri wa waliokufa, utaona nini? Utaona kushoto kunaua. Tafiti zilizofuata watu wakiwa hai kwa miaka mingi hazikuiona tofauti hiyo ya miaka tisa.

Nilipoelewa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Jamii iliwafuta watu kwenye hesabu, kisha ikaja kusoma hesabu ileile na kusema, mnaona, hawapo, lazima wana kasoro. Na baada ya hapo nilianza kuliona jambo hili kila ninapogeuka. Mwenye kifafa anafichwa ndani tangu utotoni, hapelekwi shule, hafundishwi kazi, halafu tunasema wenye kifafa hawawezi kitu, kwani umeshawahi kumwona mmoja akifanya kazi? Mwanamume anayelia anazomewa mpaka anaacha kulia mbele ya wenzake, kisha tunasema wanaume hawalii.

Siku niliyomuuliza mama kuhusu kitambaa alikuwa anakunja nguo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani atasema ni mambo ya dini, au ya wazee, au kwamba mwalimu alimwagiza. Nilikuwa na majibu ya kila moja. Akaendelea kulainisha kola ya shati kwa kiganja, akasema, "Nilitaka usichekwe." Baada ya muda akaongeza, "Watu wangesemaje?"

Sikuwa na jibu la hilo.

Tangu hapo nimekuwa nikiwawinda hao watu. Watu watasemaje. Watu watatuonaje. Usitutie aibu mbele za watu. Nimelelewa nao nyumba moja na sijawahi kuwaona. Nikimuuliza mama ni akina nani hasa, anamtaja jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mmoja mwenye mdomo, aliyekuwa anaona kila kinachoingia na kutoka kwetu. Basi huyo jirani tulikuja kuzoeana baadaye, nikiwa mkubwa. Akaniambia jambo ambalo mama hakulijua. Kijana wake wa pili alikuwa na kigugumizi, na kila tulipopiga hodi, yule mtoto alikuwa anaambiwa aende chumba cha nyuma asije akaongea mbele yetu. Alikuwa anatuogopa. Sisi ndio tulikuwa "watu" wake. Kuta mbili zinazogusana, upande huu mtoto amefungwa mkono, upande ule mtoto amefungiwa sauti, na akina mama wawili kila mmoja anamficha mwenzake mtoto wake. Wangeweza kunywa chai pamoja na kumaliza habari yote kwa mchana mmoja.

Hukumu ya jamii mara nyingi tunaielezea kama kitu kinachotoka nje, kutoka kwa wabaya wetu. Mimi haikunijia hivyo. Ilinijia kwa mikono iliyokuwa inanipenda, ikanifikia nyumbani kabla yoyote wa nje hajapata nafasi. Mama aliamua kunihukumu yeye kwanza, taratibu, kwa kitambaa laini, ili dunia isipate cha kuhukumu. Ndivyo mabinti wanavyopunguziwa kicheko na mama zao. Ndivyo kijana anayependa kushona anavyoambiwa na baba yake aache, kwa sauti ya chini, kwa nia njema.

Kuna kisa cha jeshi la anga la Marekani ambacho huwa nakikumbuka nikisikia mtu akisema fulani si wa kawaida. Mwaka 1950 jeshi hilo lilikuwa na tatizo: marubani walikuwa wanashindwa kuzimudu ndege, na vyumba vya rubani vilikuwa vimepimwa kwa kufuata vipimo vya rubani wa wastani. Likaamua kuwapima upya, marubani 4,063. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye kazi hiyo, Gilbert Daniels, akachagua vipimo 10 vinavyohusika zaidi na kukaa kwenye ndege, kama urefu, kifua na urefu wa mkono, akatafuta ni wangapi wako katikati kwenye vyote 10. Hakuwa mkali, katikati kwake ilikuwa pana, theluthi moja hivi ya watu wote kwa kila kipimo. Wenzake walitarajia wengi. Hakupatikana hata mmoja. Mwenye urefu wa wastani alikuwa na mikono mirefu, mwenye kifua cha wastani alikuwa na nyonga nyembamba. Ndege zilikuwa zimetengenezewa mtu ambaye hayupo, na marubani walio hai walikuwa wanalaumiwa kwa kutofanana naye.

Jeshi likaagiza viti vinavyosogezwa mbele na nyuma, na kanyagio na mikanda ya kurekebishika. Hakuna rubani aliyefungwa kitambaa.

Mkono nimeutaja kwanza kwa sababu ndiko nilikoanzia. Ila leo nina miaka 41, naandika kwa kulia kama nilivyofundishwa, nakata kwa kushoto, na wanaonihukumu wameshasahau habari za mikono. Sijaolewa na sina mtoto, na sasa hilo ndilo linalowasumbua.

Angalia swali lenyewe lilivyo. "Umeolewa?" Kwa Kiswahili jibu ni moja tu kati ya mawili: ndiyo, au bado. Jaribu kusema hapana. Nimejaribu. Uso wa anayeuliza unabadilika kana kwamba umetukana. "Una watoto wangapi?" "Sina." Kimya. Anasubiri umalizie, na usipomalizia anakumalizia yeye: "Bado, Mungu atajalia." Bado inaahidi. Inasema niko njiani nakuja, nisubirini, nimechelewa tu. Kwa miaka kumi nilikuwa natoa ahadi hiyo kila wiki, kwa mafundi, kwa wauguzi, kwa wanawake niliokaa nao kiti kimoja kwenye basi, ahadi ambayo sikuwa na mpango wa kuitimiza. Nilikuwa naitoa ili mazungumzo yaishe kwa amani. Lugha yangu naipenda kuliko kitu chochote nilichorithi, na ndiyo maana inaniuma kwamba hainipi neno la kusimamia. Siku hizi nasema "hapana" kwa sauti ya kawaida, halafu natabasamu, halafu naacha kimya kiwe kirefu kinavyotaka.

Vipo vingine ndani ya lugha. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo, kibiongo. Tuliwapanga kwenye ngeli moja na kiti na kikombe. Najua kijana na kiongozi nao wamo humo, na mtu akiniambia ngeli ni sarufi tu na haina nia mbaya sitabishana naye sana. Viziwi wengi wanalitumia jina hilo wenyewe bila kinyongo, tena kwa fahari. Lakini kibogoyo hakuulizwa.

Na kwa kuwa nimewataja viziwi, habari yao na ya mkono uliofungwa ni habari moja. Mwaka 1880 walimu wa shule za viziwi kutoka nchi mbalimbali, karibu wote watu wenye kusikia, walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko lugha ya alama, na kwamba alama ziondolewe kwenye ufundishaji. Kilichofuata ni miongo na miongo ya watoto kukatazwa kutumia mikono yao darasani. Kuna walioamriwa kukalia viganja. Kuna waliochapwa, na kuna waliofungwa mikono. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilijikuta nimeushika mkono wangu wa kushoto kwa wa kulia. Mimi nilinyang'anywa upande mmoja wa mwandiko. Wao walinyang'anywa lugha nzima. Ilikuwa mwaka 2010, miaka 130 baadaye, mkutano mwingine wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, ulipoyakataa rasmi maazimio yale na kueleza masikitiko.

Sasa weka pembeni Milan, njoo Martha's Vineyard. Ni kisiwa kwenye pwani ya Massachusetts, Marekani. Kwa zaidi ya miaka 200 uziwi ulikuwa unarithiwa kule kwa kiwango kikubwa kuliko kawaida; katika karne ya 19 inakadiriwa mtu mmoja kati ya 155 kisiwani alizaliwa kiziwi, na kwenye mji mdogo wa Chilmark mmoja kati ya 25. Na wenye kusikia walifanya nini? Walijifunza lugha ya alama. Si wazazi wa viziwi peke yao. Majirani, wavuvi, watoto. Waliitumia hata wenyewe kwa wenyewe wakiwa kwenye mashua, umbali ambao sauti haifiki. Viziwi waliolewa na kuoa, walifanya kazi, walishiriki mikutano ya mji. Mtafiti Nora Ellen Groce alipokwenda baadaye kuwahoji wazee wa kisiwa, aliwakuta wanawakumbuka wenzao kwa uvuvi wao na tabia zao, na wengine ilibidi wafikiri kwanza ndipo wakumbuke kwamba fulani alikuwa kiziwi.

Masikio ya viziwi wa Chilmark yalikuwa hayasikii, sawasawa na masikio ya watoto waliokalia viganja vyao. Nimelifikiria hili usiku mwingi. Mtu yuleyule, mwili uleule, ukimvusha maji kilomita chache anaacha kuwa tatizo.

Ningependa kuishia hapo, upande wa walioonewa. Siwezi, kwa sababu nami nimewahi kuwa "watu".

Miaka michache iliyopita tulipata mfanyakazi mpya ofisini. Kijana mtaratibu, mzuri wa hesabu. Alikuwa anaziba masikio akifanya kazi. Mchana hakukaa nasi, alikuwa anakwenda kukaa ngazini peke yake. Tulipokata keki ya mwenzetu alisimama mlangoni dakika moja, akatoka. Haikuchukua wiki mbili akawa ameshapewa majina: anajisikia, ana maringo, anatuona sisi si wa hadhi yake. Siku moja tulibaki wawili ofisini na akanieleza bila mimi kumuuliza. Sauti nyingi zikija kwa pamoja zinamuumiza, kuumiza hasa, kama mtu anavyoumia jino. Nikamwambia nimeelewa. Mara mbili aliwahi kugundua makosa kwenye kazi yangu, akanirudishia kimyakimya nirekebishe, asimwambie yeyote.

Ukaja mkataba wake kuongezwa. Bosi akatukusanya, akatuuliza mmoja mmoja kwa kuzunguka meza: mnamwonaje? Wa kwanza akasema, hachanganyiki na watu. Wa pili akasema vilevile. Wa tatu, wa nne. Nilikuwa wa tano. Nilikuwa najua ninachokijua, na nilikuwa na sentensi yenyewe mdomoni. Nikasema, "Ni kweli, hachanganyiki."

Mkataba haukuongezwa.

Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya majaribio ya namna hiyo miaka ya 1950. Anakukalisha na wenzako chumbani, anawaonyesha mstari, kisha mitatu mingine, mseme upi unalingana nao. Jibu linaonekana kwa macho, akiulizwa mtu peke yake ni nadra kukosea. Lakini wenzako wote wamepangwa, wanataja jibu la uongo mmoja baada ya mwingine kwa uso mkavu, hadi inafika zamu yako. Kwa wastani, kama theluthi ya majibu ya wale waliowekwa mtegoni yalifuata uongo wa kundi. Wengi wao walikuwa wanauona mstari vizuri kabisa. Na kuna sehemu ya pili ya majaribio hayo ambayo ndiyo inayonikosesha raha: Asch akimpanga mtu mmoja tu kwenye lile kundi aseme ukweli, kule kufuata kundi kulishuka hadi kama robo ya kulivyokuwa. Mmoja tu. Aliyekuwa wa sita pale mezani alikuwa ananitazama mimi kabla hajasema.

Nilimwandikia yule kijana mwaka jana. Nilimweleza nilichosema na nilichokuwa nakijua wakati nasema. Alinijibu kwa sentensi mbili za heshima, akanitakia kazi njema. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme.

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alikuja kukaa nasi kwa siku chache. Ana miaka mitano. Alitandaza karatasi zake sakafuni, akalala kifudifudi, akachukua kalamu ya rangi kwa mkono wa kushoto. Sikuwa nimeambiwa. Wifi aliniambia baadaye kwamba walilijua tangu mtoto akiwa na mwaka mmoja na hawakuona sababu ya kulitangaza.

Nilimletea mkasi wangu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mguu mmoja ameuweka juu ya kigoda kwa sababu ya goti. Mtoto alipoanza kukata, mama aliinama, akautoa mkasi kwenye mkono wa kushoto na kuuweka kwenye wa kulia, kwa upole uleule, hata kidole akakipitisha kwenye tundu la mkasi kuona kama hapabani. "Ushike vizuri, mama yangu."

Nilifungua mdomo. Mtoto akaniwahi. Akajaribu mara moja, karatasi ikajikunja. "Haukati, Bibi."

"Lete nikuonyeshe."

Mama akaushika kwa mkono wake wa kulia, akaiweka karatasi katikati ya makali, akabana. Karatasi ikalala, ikaingia katikati, ikatoka na meno. Akarudia. Akaupuliza, akauchungulia kwenye mwanga, akaufuta kwa pindo la kanga. Akabana kwa nguvu zaidi, na nikaona vidole vyake vinavyosukuma na kuvuta, na makali yanavyoachana.

"Mbovu huu," akasema.

"Si mbovu, mama," nikamwambia. "Ni wa kushoto."

Hakunijibu. Alijaribu tena mara ya nne, polepole sana, akilifuata duara la kalamu ambalo hakuweza kuliona kwa sababu ya ubapa wa juu.

"Lete nikukatie, Bibi," mtoto akasema, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshanyooshwa.

Mama akampa. Tulimsikia akikata, ule mlio mdogo wa makali yanayosuguana vizuri, akizunguka duara lote bila kusimama, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alipomaliza aliinua karatasi kututazama kupitia kwenye tundu lililobaki. Mama alikuwa anakiangalia kidole gumba chake mwenyewe, kilichobaki na alama nyekundu ya mkasi.